Mabonde ya Muthangari: Kivutio Ambacho Watalii Hupita Juu Yake

Vitabu vya utalii huitaja Nairobi kama mahali pa kulala usiku mmoja. Mgeni hushuka katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, hupelekwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kuona simba na vifaru, akipata nafasi hupitia Lang'ata na Karen kuwaona twiga na ndovu mayatima, na kesho yake yuko njiani kuelekea Maasai Mara au Diani. Muthangari haimo katika ratiba hiyo. Mtaa huu ulio upande wa Lavington, kusini mwa barabara ya Waiyaki, hujulikana kwa shule zake, makanisa, kituo cha polisi, na siku hizi kwa maghorofa yanayoota kila palipokuwa na nyumba moja na ua mpana. Hata hivyo, ukanda wa miinuko na mabonde unaoanzia hapo ukashuka kupitia Kileleshwa hadi Museum Hill una kila kitu kinachowafanya watu wasafiri kwenda nchi za joto: miamba ya volkano zilizokwisha kuzimika, misitu, mito, ndege wasiopatikana kwingi duniani, na historia ya mimea iliyovuka bahari. Hoja yangu ni kwamba ukanda huu ni kivutio kamili, na kwamba kiini chake ni mabonde ya vijito ambavyo wenyeji na wageni huvivuka darajani bila kuvitupia jicho. Anayeyapoteza mabonde hayo atabaki na mtaa wa kawaida wenye miti michache ya kivuli.

Tuanze na hewa, kwa sababu ndiyo inayomshangaza mgeni kwanza. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita karibu utosini mwaka mzima, na urefu wa siku haubadiliki ila kwa dakika chache kati ya Juni na Desemba. Kwa hesabu ya ramani pekee, mji huu ungepaswa kuwa na joto kama la Mombasa, ambako wastani wa mwaka ni karibu nyuzi 26 za Selsiasi. Lakini kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, kilicho karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hupima wastani wa nyuzi 18 au 19. Hewa ikipanda hukutana na kanieneo dogo, hutanuka, na kule kutanuka huila nishati yake, ndiyo maana inapoa. Katika anga huru hupoteza nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000. Nairobi haijapoa kwa kiasi hicho chote kwa sababu haisimami kama kilele chembamba kilichozungukwa na upepo mtupu; iko juu ya uwanda mpana ambao ardhi yake yenyewe hupigwa na jua na kuipasha moto hewa iliyo juu yake. Ni mchanganyiko wa nadra: jua la ikweta, na hewa ambayo mtu anaweza kutembea ndani yake saa sita mchana bila kutweta. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo hupandishwa na mteremko wa nchi, na kwa kuwa tabaka la hewa yenye joto lililo juu huizuia kuendelea kupaa, hutandaza wingu jepesi la kijivu ambalo huweza kufunika mitaa ya magharibi asubuhi nzima. Mgeni aliyefunga safari akitazamia joto la Afrika hujikuta akitafuta sweta.

Uwanda huo haukuwapo tangu mwanzo. Ulijengwa na volkano za pembeni mwa Bonde la Ufa, ambazo kwa mamilioni ya miaka zilimwaga tabaka juu ya tabaka la lava na majivu kuelekea mashariki. Wanajiolojia wamezipa tabaka hizo majina ya mahali zinapoonekana vizuri: kuna fonolaiti ya Nairobi, kuna trakaiti ya Nairobi, na juu yake kuna miamba ya majivu inayoitwa Kerichwa Valley, kwa jina la bonde la Kirichwa linalopita Kileleshwa. Ni jambo la kutafakari kwamba kijito ambacho wengi hawakijui kimeingia katika ramani za jiolojia zinazosomwa ulimwenguni kote. Majivu hayo, yaliyoanguka yakiwa ya moto kisha yakashikana, ndiyo yaliyotoa mawe ya kijivu ya kujengea ambayo wachongaji waliyakata kwa mkono na kuyapanga katika kuta za Nairobi ya kwanza. Yeyote anayetazama ukuta wa nyumba ya zamani Lavington anatazama mlipuko wa volkano uliokatwa vipande. Na kwa sababu mwamba huu ni laini kuliko lava iliyo chini yake, maji yaliuchimba kwa urahisi. Mto Nairobi, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo vilikata mabonde membamba yanayokwenda sambamba kutoka magharibi hadi mashariki, na kati yake ikabaki migongo mirefu ya ardhi. Barabara nyingi za mitaa hii hufuata migongo hiyo. Hii ndiyo sababu msafiri wa gari huona maua na mageti tu. Mabonde yako chini yake, nyuma ya nyua.

Majivu na lava vikioza kwa mvua ya maelfu ya miaka huacha udongo mwekundu wenye chuma kingi, wenye kina cha mita kadhaa, ambao chembe zake hushikana katika vidonge vidogo vinavyopitisha maji vizuri. Huo ndio udongo wa Muthangari, Kabete na Kikuyu. Ukivuka katikati ya jiji kwenda mashariki mambo hubadilika: nchi inakuwa tambarare, mvua hupungua, na udongo unakuwa mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Upande mmoja kulikuwa na msitu, upande wa pili nyika ya majani na wanyama wa kuhama. Nairobi imekaa juu ya mshono wa nchi hizo mbili. Mbuga ya simba ni sehemu ya upande mmoja wa mshono. Anayeiona mbuga peke yake ameiona nusu ya mahali alipofika, na hiyo nusu ya pili ndiyo ninayoizungumzia.

Mshono huo uliamua pia historia ya watu. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa Mei 1899, wahandisi walichagua ukingo wa tambarare kwa sababu palikuwa na maji na nafasi ya kupanga magari ya moshi kabla ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Palikuwa pia na kinamasi. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi na serikali ikaliteketeza kwa moto. Ugonjwa ukarudi miaka michache baadaye. Maofisa wa kikoloni walijibu kwa kupanda juu, kwenye udongo mwekundu unaokauka haraka baada ya mvua, na ripoti ya Profesa Simpson ya mwaka 1913 ikapendekeza mji ugawanywe kwa rangi ya watu kwa kisingizio cha afya. Wazungu wakajitengea miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi wakapewa Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye udongo mweusi. Basi vivuli vya Lavington na Kileleshwa vina asili mbili. Moja ni mvua na volkano. Nyingine ni sheria iliyowaruhusu wachache kumiliki ploti kubwa mahali penye mvua na volkano hizo. Makala ya kusifu uzuri wa mitaa hii bila kusema hilo ingekuwa inaficha nusu ya ushahidi, na nitalirudia jambo hili baadaye kwa sababu ndilo linalozaa pingamizi zito kuliko yote.

Mwaka uleule wa reli, mapadre Wafaransa wa shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's katika eneo hili la Muthangari na Lavington, na wakapanda kahawa. Miche yao ilikuwa imesafiri. Kahawa aina ya arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia. Ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemeni, kutoka huko Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion, na wamisionari wa shirika hilo wakaileta Bagamoyo, kisha Bura katika nchi ya Taita, na hatimaye St. Austin's. Shina la kahawa limezoea joto la wastani wa nyuzi 18 hadi 21, kivuli kidogo na udongo wenye kina usiotuama maji. Kwa maneno mengine, mmea uliotoka msituni Ethiopia ulizunguka nusu ya Bahari ya Hindi ukarudi mahali palipofanana na kwao, na ukastawi. Miti hiyo ilijulikana kama French Mission, na mbegu zake zikaenea katika mashamba ya jirani. Miaka ya 1930 watafiti wa Scott Laboratories kule Kabete, kilomita chache kutoka Muthangari, walikuwa wakikagua shina moja moja wakitafuta yaliyo bora. Katika shamba la Loresho waliteua mti mmoja ulioandikwa kuwa wa French Mission, wakauita SL34. Wa pili, SL28, waliuchagua kutokana na kahawa iliyovumilia ukame kutoka Monduli, Tanganyika. Leo wanunuzi wa kahawa wa Tokyo na Oslo hulipa bei kubwa kwa ladha ambayo aina hizo mbili huitoa, na mikahawa ya nchi za mbali huandika SL28 na SL34 kwenye vibao vyake. Vipimo vya vinasaba vya siku za karibuni vimeonyesha kuwa SL34 ina undugu zaidi na ukoo wa arabika uitwao Typica kuliko na ule wa Bourbon, huenda ni ishara kwamba mbegu zilichanganyika mahali fulani njiani kabla ya kufika Loresho. Katika nchi nyingine ningetarajia kibao cha kumbukumbu, njia ya kutembea, na kikombe cha kahawa hiyohiyo mwishoni. Mashamba mengi ya Lavington na Loresho yamekwisha kuwa nyumba, na historia hii inajulikana zaidi kwa wataalamu wa kahawa wa ng'ambo kuliko kwa watoto wanaosoma shule zilizojengwa juu yake.

Bustani ya Arboretum, chini kidogo ya Kileleshwa kando ya Kirichwa Kubwa, ina kisa cha aina hiyohiyo. Ilianzishwa mwaka 1907, wakati Battiscombe wa idara ya misitu alipotenga ardhi ya kujaribu miti ya kigeni. Sababu ilikuwa njaa ya reli. Magari ya moshi yalichoma kuni, na msitu wa asili wa nyanda hizi, uliojaa mihugu na mikinduri, ulikuwa unakatwa haraka kuliko unavyokua. Muhugu ni mti wenye mbao ngumu sana, unaopendwa na wachongaji wa Ukambani, na huchukua miongo mingi kunenepa. Mkalitusi wa Australia hukatwa baada ya miaka michache tu. Kwa hiyo miti ilijaribiwa kutoka kila bara lenye joto, na ile iliyofaulu ikasambazwa nchini. Matokeo yake ni hekta 30 hivi zenye aina zipatazo 350 za miti, zikiwamo nyingi za Kenya zilizoongezwa baadaye, mahali ambapo mtu anaweza kutembea asubuhi moja kutoka Australia hadi Amerika Kusini hadi mlima Kenya bila kutoka nje ya ua. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi hujifunza mimea hapo, makundi ya maombi huimba chini ya miti, na Jumapili watoto hukimbizana na kima.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza hujitokeza, na linatoka kwa watu wanaopenda mazingira kwa dhati. Wanasema: hiyo si asili. Jakaranda zinazopaka barabara zambarau Septemba hadi Novemba zimetoka Amerika Kusini, mikalitusi imetoka Australia, mikima ya kivuli vilevile, na kahawa imeletwa na mapadre. Mgeni aonyeshwe msitu wa kweli au asionyeshwe kitu. Ninakubali sehemu ya hoja hii. Jakaranda nzuri kwa macho hulisha wadudu na ndege wachache kuliko mti wa asili wa ukubwa huohuo, na mikalitusi iliyopandwa kando ya maji huyanywa bila huruma. Lakini ukiacha kuhesabu miti mmoja mmoja ukatazama nani anaishi wapi, picha hubadilika. Kinachowaleta ndege Muthangari ni mpangilio wa bonde: maji chini, mikinduri, mikuyu na vichaka vya asili vilivyosalia kwenye miteremko mikali ambako mjenzi hakuweza kufika, na bustani za juu zikiwa kama ukumbi wa nje. Miti ya kigeni imekuwa ngazi na mapumziko ya viumbe ambao chakula na viota vyao viko kwenye mimea ya asili. Ushahidi unaonekana kwa shorobo wa Hartlaub, ndege wa misitu ya nyanda za juu za Kenya, kaskazini mwa Tanzania na mashariki mwa Uganda pekee. Huyu hukaa katika bustani za Lavington na Kileleshwa, akirukaruka matawini kama kindi, na akifungua mbawa huonekana mwekundu kama damu. Mwaka 1869 mwanakemia Mwingereza Arthur Church alieleza kwamba wekundu wa ndege wa ukoo huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Ndege wengine wengi wekundu hupata rangi yao kutokana na mimea wanayokula au viumbe waliokula mimea hiyo. Shorobo hujitengenezea ya kwake, na kijani chake pia ni rangi halisi, wakati kijani cha ndege wengi hutokana na namna manyoya yanavyouvunja mwanga. Watu husafiri hadi Amazon kutafuta maajabu ya kiwango hicho.

Mugumo, mti wa jamii ya mikuyu, unatuonyesha jambo hilohilo kwa upande wa miti. Kila aina ya mugumo na mikuyu hutegemea nyigu wake mdogo, mwenye urefu wa milimita chache, ambaye jike lake hujipenyeza ndani ya tunda changa, hupoteza mbawa mlangoni, huchavusha maua yaliyofichika ndani, hutaga na kufia humohumo. Nyigu huyo huishi siku chache tu akiwa mzima, kwa hiyo ukoo wake hauwezi kuendelea isipokuwa katika eneo moja kuna miti ya aina hiyo inayozaa kwa nyakati tofauti mwaka mzima. Faida ya utaratibu huo huwaangukia wengine: wakati matunda mengine yameadimika, mahali fulani bondeni kuna mugumo wenye matunda, na kima, hondohondo, popo na shorobo wanaujua. Mwaka 2020, ujenzi wa barabara ya juu ulipofika Westlands, mugumo mkubwa ulio kando ya barabara ya Waiyaki ulikuwa ukatwe. Watu walipinga, na kwa agizo la Rais ukaachwa. Wengi waliutetea kwa sababu ya heshima ambayo Wagikuyu waliupa mti huo tangu zamani. Mwanabiolojia angeutetea kwa sababu nyingine, na angekuwa anautetea mti uleule. Ila mugumo mmoja kando ya lami hauwezi kumlea nyigu wake peke yake. Unahitaji ndugu zake walioko mabondeni, katika umbali ambao mdudu wa milimita mbili anaweza kubebwa na upepo.

Kama kuna anayetilia shaka uwezo wa msitu wa mjini kuwa kivutio, Karura imekwisha kujibu. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 upande wa kaskazini ulikuwa umeanza kugawiwa wajenzi katika miaka ya 1990. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo, na Januari 1999 walipigwa na kujeruhiwa langoni. Ugawaji ukasimama. Muongo mmoja baadaye jamii za jirani na Huduma ya Misitu ya Kenya waliuzungushia ua, wakawaajiri walinzi na kuwapa kazi vijana wa mitaa ya karibu, na kuanzia mwaka 2014 mbega weupe kwa weusi walihamishwa kutoka Kipipiri na kuachiliwa humo. Leo watu hulipa kuingia, hutembea hadi maporomoko na mapango, na wageni wa kimataifa huuweka kwenye ratiba zao. Kabla ya ua huo mahali hapo paliogopwa kwa wezi. Tofauti ya Karura na mabonde ya Kirichwa haiko katika thamani ya viumbe. Karura ni pande moja lenye mlango. Mabonde ni uzi mrefu unaopita nyuma ya nyumba za watu, na uzi hukatika kirahisi.

Pingamizi la pili haliwezi kukwepwa: mito hii ni michafu. Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, chemchemi safi inayotoka kwenye miamba ya volkano, lakini kabla ya kufika Muthangari hupita karibu na Kangemi na Kawangware, mitaa yenye watu wengi na mabomba machache ya maji taka. Kinachotokea baada ya hapo ni kemia. Uchafu wa binadamu ni chakula cha bakteria. Bakteria wakila huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni ikiisha, samaki na wadudu wa maji safi hufa, na kazi ya kuozesha huchukuliwa na bakteria wanaotoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Mwinuko huongeza ugumu: kwa kuwa kanieneo la hewa Nairobi ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko la pwani, maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kwa kadiri hiyohiyo yakiwa na joto sawa. Mto wa Nairobi una akiba ndogo ya kuanzia. Hata hivyo kemia hiyohiyo inatoa tumaini, maana uchafu wa aina hii hauna makao ya kudumu. Ukiuzuia kuingia, maji yanayoruka juu ya mawe hupata oksijeni upya ndani ya kilomita chache. Metali nzito na kemikali za viwandani ni tatizo la aina nyingine, na viwanda vikubwa vya Nairobi viko mashariki, chini ya mabonde haya. Kwa hiyo hapa magharibi kazi kubwa ni mabomba na vyoo, na hilo linawezekana kwa bajeti ya kaunti. Bustani ya John Michuki karibu na Globe ilikuwa jaa la taka hadi mwaka 2008, waziri wa mazingira ambaye bustani hiyo imepewa jina lake alipoanza kuisafisha. Kingo zilirudi kuwa za kijani. Maji hayakurudi kuwa safi kwa sababu yaliendelea kuchafuliwa juu yake, na huo ni ushahidi kwamba mto husafishwa kuanzia Kikuyu kwenda chini.

Pingamizi la tatu ndilo nililoahidi kulirudia. Mtu wa Mathare au Mukuru anaweza kusema kwamba huu wote ni utalii wa matajiri: walipewa udongo bora, wakapanda miti, sasa wanataka mito yao isafishwe ili wageni wafurahi. Sidhani kuna jibu la haki kwa hoja hii isipokuwa kufuata maji yenyewe yanakokwenda. Mabonde ya magharibi hukutana kabla ya katikati ya jiji, Mto Nairobi hupita Gikomba na kuendelea mashariki, huingia Athi, ambao huwa Galana na kisha Sabaki, na humwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi, ambako udongo uliooshwa kutoka bara hupaka bahari rangi ya kahawia na kuyafunika matumbawe kwa tope. Kila mita ya mraba ya udongo mwekundu inayofunikwa saruji Kileleshwa huacha kunyonya mvua. Maji hayo hushuka kwa dakika badala ya siku. Aprili na Mei 2024, mito ilipofurika, waliokufa na kupoteza nyumba walikuwa zaidi wa mitaa ya chini, na ni hao hao ambao serikali iliwaamuru wahame kutoka mita 30 za kingo za mito, nyumba nyingi zikabomolewa. Kanuni inayotaja mita 6 hadi 30 za hifadhi ya kando ya mto haikuandikwa kwa ajili ya mabanda ya mabati peke yake. Inawahusu pia waliosogeza kuta za mawe na maegesho ya magari hadi ukingoni mwa Kirichwa. Kulifungua bonde la Muthangari kwa umma, lipitike kwa miguu kutoka barabara ya James Gichuru hadi Arboretum, kungekuwa mwanzo wa kurudisha kile ambacho ripoti ya 1913 ililinyang'anya jiji zima.

Wako pia wanaosema jiji linahitaji nyumba, na maghorofa yana faida kuliko bangaloo moja katika nusu ekari. Katika hili niko upande wao kwa sehemu kubwa. Kuwaweka watu wengi karibu na kazi zao ni bora kuliko kuutawanya mji hadi Kitengela. Lakini ghorofa ijengwe mgongoni mwa ardhi, palipo pakavu na imara, na bonde liachwe. Anayejenga bondeni anajiumiza pia mwenyewe. Kivuli cha mti hupoza kwa sababu maji yanayotoka majanini hugeuka mvuke, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke humeza nishati ambayo ingechemsha zaidi ya lita saba; ukiondoa miti, nishati hiyo hubaki kwenye ukuta wa nyumba. Na maghorofa mengi ya mitaa hii hutegemea visima virefu vinavyochota maji yaliyojificha kati ya tabaka za lava, mara nyingi zaidi ya mita 200 chini, maji ambayo kiwango chake kimekuwa kikishuka kwa miongo na ambayo mara nyingi yana floraidi nyingi ya kudhuru meno. Akiba hiyo hujazwa na mvua inayozama katika nyanda za juu za magharibi, kwenye udongo uleule unaofunikwa.

Mgeni anayetaka kulipima dai langu anaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Afike Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza na jakaranda za mwisho bado zina maua. Aanzie Ondiri asubuhi, aone mto unavyozaliwa. Apite Kabete na Loresho ilikochaguliwa kahawa. Aone kanisa la St. Austin's, kisha ashuke Arboretum na amalizie Makumbusho ya Kitaifa, ambako tangu mwaka 1971 wapenzi wa ndege hukutana kila Jumatano asubuhi kwa matembezi yaliyo wazi kwa yeyote. Sehemu kubwa ya njia hiyo italazimika kwenda kwa matatu na kando ya lami, kwa kuwa kati ya Muthangari na Arboretum hakuna njia ya miguu inayofuata maji. Kilomita hizo chache ndizo zinazokosekana, na ardhi yake, kwa kipimo cha mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, tayari inalindwa na kanuni zilizopo.